Mayai ya Bi Kanga na Mwizi wa Jua Kali

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ndiyo pakawa yenu? Mmeitikia kama watu waliokula kiporo kikawalalia tumboni. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa najua nyumba ina watu. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na shemeji yangu Mwantumu akae pale ninapomwona, maana yeye ana tabia ya kunikatiza katikati ya hadithi akiniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Leo namjibu kabla hajauliza. Nilikuwepo. Nililala kifudifudi nyuma ya jiwe, nyasi puani, siafu mgongoni, na sikukohoa. Nimeyaona yote kwa macho haya haya. Wengine wanasimulia walichosimuliwa na bibi zao. Mimi, bibi yangu ndiye aliyekuwa anakuja kuniuliza.

Basi hapo zamani, zamani ya kale lakini si ya kale kiasi cha mimi kutokuwepo, palikuwa na kitongoji kinaitwa Majabalini. Mawe makubwa huku. Vichuguu kule. Kijito pembeni, na miiba ya kumtosha kila mtu. Waliishi pale wanyama wadogo wadogo tu. Wakubwa walikuwa hawafiki, kwa sababu hapakuwa na cha kumshibisha mtu mzito.

Juu ya jabali aliishi Mzee Pimbi. Huyo ndiye aliyekuwa balozi wa kitongoji. Mfupi, mnene, mkia hana, lakini sauti anayo. Akipiga kelele, kwiii, mpaka ng'ambo ya kijito wanageuza shingo. Kazi zake zilikuwa kuota jua na kuitisha mikutano. Mkutano wake ukianza asubuhi, unaisha watu wamekwisha kusahau waliitiwa nini.

Kwenye kichuguu kikubwa aliishi Nguchiro na ukoo wake mzima, mashangazi, wajomba, binamu, na binamu wa binamu. Mwembamba, mwepesi, na mdomo wake hauna kufuli. Na jambo moja mlijue mapema, kwa sababu Majabalini nzima ilikuwa inalijua. Nguchiro alikuwa anapenda mayai. Akiokota yai porini, analishika kwa mikono miwili, analipa jiwe mgongo, halafu analirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake. Pwaa. Anakula, anajilamba, anaondoka. Maganda anayaacha pale pale, kama mtu aliyemaliza sherehe akawaachia wengine kufagia.

Na chini ya kichaka cha miiba, kwenye ardhi tupu, aliishi Bi Kanga. Mjane huyo. Mumewe alichukuliwa na tai, akabaki peke yake na gauni lake la madoadoa ambalo sijapata kuliona chafu hata siku moja. Pimbi ana pango. Nguchiro ana kichuguu. Bi Kanga hana pango, hana shimo, hana mlango. Kiota chake ni majani makavu aliyoyasukuma kwa kifua.

Bi Kanga na Nguchiro walikuwa watani. Utani wao ulianzia kwa mababu huko. Nguchiro akipita kichakani asubuhi, hasalimii kama watu. Anasimama, anakitazama kile kichwa cha Bi Kanga chenye upara, anasema, "Kinyozi wako alikukimbia kazi ikiwa nusu?"

Bi Kanga naye anamjibu bila kugeuka. "Afadhali mimi nina kichwa cha kunyoa. Wewe shingo imeanza ikasahau kuishia, mpaka mkiani."

Wanacheka. Kila mtu anakwenda zake. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani akikasirika utani umekwisha.

Mwaka huo mvua zikanyesha vizuri. Bi Kanga akataga. Mayai mazuri, magumu, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Akayalalia. Mchana jua linapowaka, anainuka anakwenda kijitoni kunywa maji, anarudi. Siku moja akarudi, akayagusa kwa mdomo. Tok. Tok. Tok. Akasimama. Akayagusa tena. Tok. Tok. Tok. Yamepungua. Akajiambia, labda nimezeeka, nimesahau. Kesho yake yakapungua tena. Hakusahau. Mwishowe kiota kikabaki majani matupu.

Bi Kanga hakulia. Alipanda jabalini kwa miguu, tena pale ni mlima kweli, akamweleza Balozi. Mzee Pimbi akaitisha mkutano. Watu wakakaa. Akazungumza juu ya amani, akazungumza juu ya nidhamu, akamaliza kwa kusema jambo ambalo kila mtu alilikubali kwa kichwa. Alisema wezi ni watu wa usiku. Dunia nzima inajua, wezi ni watu wa usiku. Kwa hiyo tunataka mlinzi wa usiku.

Mlinzi hakutafutwa mbali. Chini ya jabali aliishi Nungunungu, mtu mpole, mnyamavu, silaha zote ziko mgongoni. Na usiku halali. Akafanywa askari wa kitongoji, kila nyumba ikawa inamchangia mizizi na viazi mwitu. Kazi yake aliifanya kwa moyo, sitamsengenya. Giza likiingia anatoka, shakashaka, shakashaka, anazunguka kichaka cha Bi Kanga, anazunguka vichuguu, anazunguka jabali. Kukipambazuka anakwenda kwa Balozi anatoa taarifa.

"Usiku shwari, Balozi. Hata jani halikutikisika."

"Vizuri, Askari. Nenda ukalale."

Anakwenda kulala. Jua linapanda. Bi Kanga, ambaye alikuwa amekwisha kutaga tena, anakwenda kunywa maji, anarudi, anagusa kwa mdomo. Tok. Tok. Yamepungua.

Usiku unaofuata, shakashaka, shakashaka. Asubuhi, usiku shwari, Balozi, hata jani halikutikisika. Mchana, tok. Yamepungua.

Nyinyi watoto mnacheka. Mmekwisha kujua, siyo? Basi mngekuwepo mngewaambia. Mimi nilikuwepo, lakini nilikuwa nyuma ya jiwe, na mtu aliyejificha haruhusiwi kuchangia hoja.

Mkutano mwingine ukaitishwa. Safari hii watu walikaa vibaya, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembeni. Halafu mnong'ono ukaanza huko nyuma. Usiku kuna askari. Mgeni hapiti. Basi mwizi yumo humu humu ndani. Na humu ndani nani anapenda mayai? Shingo zote zikageuka taratibu zikamwangukia Nguchiro.

Mtu mwingine angejitetea. Nguchiro alikuwa mtani. Akatazama upande wa Bi Kanga, akamwona amejikunja na gauni lake, akaona mwenzangu huyu leo anahitaji kuchekeshwa. Akasimama akajishika tumbo.

"Ni kweli, nimeyala mimi. Ila Bi Kanga, kesho yatie chumvi kidogo. Ya jana yalikuwa baridi kama wewe."

Wenye utani wakacheka. Lakini Mzee Pimbi ukoo wake haukuwa na watani popote, na jua alilotaka kuliota lilikuwa linahama jiweni. Akasema mtuhumiwa amekiri. Nguchiro ahame, avuke kijito, akae huko. Mkutano umefungwa.

Watu wakamgeukia Bi Kanga. Neno moja tu lilitosha. Angesema huo ni utani, kila mtu angekwenda nyumbani. Hakusema. Nami hapa sitamtetea, ingawa nampenda. Moyo wake ulikuwa umeumia, na kona moja ya moyo wake ilikuwa inauliza, je, kama si utani?

Nguchiro akamtazama muda mrefu. Akateremka kijitoni, akavuka, hakugeuka. Ukoo wake ukabaki kichuguuni, kimya kama msiba.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shughuli ilipo.

Mvua zilikuwa zinakwenda mwisho. Kanga hutaga wakati wa mvua ili vifaranga wakitoka wakute wadudu. Nchi ikikauka, kifaranga atakula nini? Kwa hiyo mayai aliyotaga Bi Kanga safari hii yalikuwa ya mwisho mwaka huo. Hayo yakienda, amebaki mtu na madoadoa yake tu.

Akaamua jambo. Mchana, badala ya kwenda kijitoni, akajifanya anakwenda. Akatembea kidogo, akazunguka, akarudi akasimama nyuma ya mti akiwa na kiu yake. Jua lilikuwa utosini. Majabalini yote imelala kivulini. Mzee Pimbi kichwa kimeningʼinia jiweni. Nungunungu anakoroma shimoni, maana ametoka zamu. Hakuna anayetikisika.

Sururu. Sururu. Sururu.

Kitu kinaburuta tumbo kwenye majani. Ulimi unatoka, lep. Unaingia. Unatoka, lep. Alikuwa Kenge. Mrefu, mweusi mweusi, mikunjo shingoni kama mtu aliyevaa nguo ya kaka yake. Kenge ni mtu wa jua. Usiku mwili wake mzito, haendi popote. Jua likiwa kali, wenye akili wanakimbilia kivuli, yeye ndiyo anaamka. Akafika kiotani, akachukua yai kwa midomo yake, akainua kichwa juu. Glop. Zima zima. Hakuna pwaa, hakuna ganda.

Bi Kanga akaona lile yai likiteremka shingoni mwa Kenge kama donge la ugali. Na kitu kikamchoma kifuani kabla hata ya hasira. Maganda. Kiota chake siku zote hizi hakikuwa na ganda hata moja. Na Nguchiro hajawahi kula yai bila kuacha maganda.

Akapiga yowe.

Kek-kek-kek-kek-kek. Yowe la kanga mnalijua, linachana hewa. Majabalini yote ikaamka kwa mara moja. Na Majabalini walikuwa na desturi yao ya yowe, wameirithi, wanaisifu. Yowe likipigwa, kila mtu mbio nyumbani kwake. Pimbi akatumbukia pangoni, puu. Ukoo wa Nguchiro kichuguuni, puu, puu, puu. Nungunungu akaziba shimo kwa mgongo wake. Kitongoji kikawa kimya, kisafi, hakuna mtu. Amebaki Bi Kanga na Kenge na jua.

Kenge hakukimbia. Akamgeukia, tena kwa upole.

"Endelea tu, mama. Ukipiga yowe wanaingia ndani wote, nami nakula bila haraka. Siku nyingine huwa nawasubiri walale. Leo umenisaidia."

Bi Kanga akapiga yowe mpaka sauti ikakatika ikabaki pumzi. Hakuna aliyetoka. Kenge akameza, akameza, tumbo likajaa. Yaliyobaki akayatazama, akasema hayo ni ya kesho, akaondoka. Sururu. Sururu.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Bi Kanga akapanda jabalini, hatua kwa hatua, akamkuta Balozi amekwisha kutandaza tumbo lake juani.

"Balozi, umenisikia nikipiga yowe?"

"Nimekusikia vizuri sana, Bi Kanga. Nilifunga mlango hapo hapo."

Alisema hivyo kwa kujivuna, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Bi Kanga akamtazama. Akateremka. Akavuka kijito.

Nguchiro alikuwa ng'ambo, amekaa chini ya mti mkavu, anachimba mende kwa mkono mmoja kama mtu asiye na njaa. Akamwona Bi Kanga anakuja, amelowa miguu, gauni limeshika tope. Hakuinuka.

"Umekuja kuniletea yai la mwisho nililolisahau?"

Bi Kanga akakaa. Akamwambia yote. Kenge, jua kali, milango inavyofungwa. Akamwambia na habari ya maganda. Halafu akasema lile lililomleta.

"Siku ile nilijua ni utani. Nilijua, nikanyamaza. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

Nguchiro akaendelea kuchimba. Akachimba mpaka mende akatoka akaenda zake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo si ya kwake, "Na ukinirudisha, utaniweka wapi?"

"Karibu na mayai."

"Karibu kiasi gani?"

"Kiasi cha kuyasikia yakipumua."

Nguchiro akamwangalia kama anayetafuta utani umejificha wapi. Hakuupata. Akajifuta mikono. Akasema, "Twende. Ila tope hilo limekupendeza, limekuficha upara." Hapo ndipo Bi Kanga alipojua amesamehewa.

Jioni ile mkutano haukuitishwa na Balozi. Uliitishwa na Bi Kanga, tena palepale kichakani kwake, mbele ya yale mayai yaliyobaki. Sauti imekwisha, anasema kwa kukwaruza, ikabidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. Aliwaambia, usiku mnalinda, mwizi ni wa mchana. Aliwaambia, nikipiga yowe mnafunga milango, na Kenge mwenyewe amenishukuru kwa kuwafungisha. Kesho yowe langu likipigwa, msirudi nyumbani. Njooni linakotoka.

Watu wakaguna. Mzee Pimbi alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki.

"Nikitoka kwangu kuja kwako, kwangu nani atalinda?"

"Kenge ni mmoja, Balozi. Akiwa kwangu, kwako hayupo."

Pimbi akafikiri. Naapa nilimwona akifikiri, hata masharubu yalisimama. Hakuwa amewahi kuliona jambo hilo kwa upande ule. Akauliza tena, sasa kwa kunong'ona, kama ni busara kumlaza Nguchiro pembeni ya mayai. Bi Kanga akamjibu kwamba mayai ni ya kwake, na uchungu ukitokea utakuwa wa kwake.

Wakapangana. Nungunungu aendelee na usiku wake, lakini yowe la mchana likipigwa naye atoke, macho yamefumba au yamefumbuka. Pimbi akae juu, akilisikia yowe la Bi Kanga alidake alirushe mbali kwa ile sauti yake, maana ya Bi Kanga imechoka. Ukoo wa Nguchiro uzibe njia ya kijitoni. Na Nguchiro akae kwenye majani makavu, hatua chache kutoka kiotani. Siku hizi mabwana wa ofisini wanaita ulinzi shirikishi. Mimi niliishia darasa la nne, mwalimu akaona nimejua vya kutosha, lakini nawaambia jambo hilo lilikuwepo Majabalini kabla ya jina lake.

Kesho yake jua likapanda. Likafika utosini. Watu wakajilaza kivulini, lakini kulala kule kulikuwa kwa jicho moja.

Sururu. Sururu. Lep. Lep.

Kenge huyo. Anakuja na tumbo lake, hana wasiwasi, anajua njia kama mwenye nyumba. Bi Kanga akavuta pumzi akapiga yowe, na yowe likatoka nusu, kek, kek, likakwama. Kenge akacheka puani. Akainamisha kichwa kiotani.

Juu ya jabali, kwiiiii.

Pimbi alikuwa amelidaka.

Halafu kimya. Watoto wangu, kimya kile nilikisikia mimi nyuma ya jiwe, nikajua hapa ndipo watu wanaamua. Miguu yote ya Majabalini ilikuwa imekwisha kugeukia nyumbani, kwa sababu miguu ina mazoea yake. Bi Kanga alitazama jabali, akatazama vichuguu. Hakuona mtu.

Wa kwanza kutoka akawa Nguchiro. Alichomoka kwenye majani kama aliyerushwa, chiri-chiri-chiri, moja kwa moja kuelekea mayai. Kwa muda mdogo sana Bi Kanga hakujua anakuja kumfuata Kenge au anakuja kufuata mayai. Alifumba macho. Alipofumbua, Nguchiro amekwisha kumdaka Kenge kwenye mikunjo ya shingo.

Kenge ana mkia kama kiboko. Chwaa. Nguchiro akarushwa, akarudi. Chwaa. Akarushwa, akarudi. Peke yake hamwezi. Ndipo Pimbi alipotokea, anatetemeka mwili mzima, amefumba macho na kufungua mdomo, anapiga kelele tu, lakini amekuja. Kenge akageuka kushangaa, maana hajawahi kumwona balozi kwa karibu. Ukoo wa Nguchiro ukamwagika kutoka kichuguuni, mashangazi mbele, ukaziba njia. Kenge akarudi nyuma. Na huko nyuma, shakashaka, shakashaka, anakuja Nungunungu. Usingizi haujamtoka. Anakuja kinyumenyume kama wanavyopigana wao, hajui aliko Kenge wala alipo yeye mwenyewe, ila miiba imesimama yote. Wakakutana mgongo kwa mkia.

Kelele aliyoipiga Kenge sitaiiga. Kuna watoto wanataka kulala leo.

Katika purukushani ile, yai moja lilitoka kiotani. Likabingirika, likabingirika, likaenda kusimama mikononi mwa Nguchiro. Vita ikakoma. Hata Kenge, na miiba yake mkiani, alinyamaza atazame. Nguchiro akalishika yai kwa mikono miwili. Pembeni yake kulikuwa na jiwe. Akageuka taratibu akalipa jiwe mgongo, kama mwili wake ulivyozoea. Bi Kanga hakusema neno. Siku ile ya mkutano alinyamaza kwa shaka. Leo alinyamaza kwa kumwamini, na tofauti yake iliweza kuonekana hata kwa mtu aliye nyuma ya jiwe. Nguchiro akageuka tena. Akaliweka yai chini, akalisukuma kwa pua mpaka kiotani. Hakulilamba hata kidogo.

"Hili nitalisubiri litoke," alisema. "Nataka lije liniite mjomba."

Kenge hakuuawa. Balozi alitaka kumsomea hotuba, na hotuba inahitaji msikilizaji aliye hai. Basi wakati Pimbi anahutubia, Nguchiro anamchomoa Kenge miiba mkiani, na kila mwiba anaochomoa anamwambia neno juu ya mikunjo ya shingo yake. Wakamruhusu kijito na vyura wake, wakamkataza kitongoji. Na tangu siku ile Kenge akifika mahali anatoa ulimi nje kwanza, lep, lep, ananusa kama majirani wapo nyumbani au wameshatoka. Mkimwona, mtazameni.

Balozi akaitisha mkutano wake mfupi kuliko yote. Alisimama mbele ya Nguchiro akasema, "Nilikosea. Mkutano umefungwa." Hata jua halikuwahi kuhama jiweni.

Vifaranga wakatoka kabla nchi haijakauka. Wadogo, wa michirizi michirizi, wanakimbia kama karanga zilizomwagika. Wadudu wa kula waliwakuta. Na kila asubuhi walikuwa wanapanda kichuguuni kumwamsha Nguchiro, wakimwita mjomba, mjomba, mpaka akalalamika kwa Bi Kanga kwamba amemharibia usingizi. Bi Kanga akamwambia si yeye aliyewangoja kwa hamu?

Sasa funzo lake, na nalisema wazi ili wakubwa wa nyuma nao walisikie. Jirani akipiga yowe usifunge mlango. Toka nje uende. Askari wa usiku mheshimuni, lakini yeye peke yake hatoshi, ulinzi ni wa kila mtu na mchana wake. Na mtu kupenda mayai si ushahidi kwamba ameiba mayai. Muulizeni vizuri kabla ya kumvusha kijito.

Hadithi yangu imetembea ikafika hapa, imechoka, imekaa chini. Anayeitaka aibebe aende nayo kwake.

Nini tena, Shemeji Mwantumu? Mbona unanitazama hivyo? Nimekwambia nilikuwepo. Haya. Haya, basi. Kuna kitu kimoja nimekiongeza mwenyewe, kimoja tu, mengine yote ni kweli tupu. Lile yai Nguchiro alilirudisha, hilo naapa. Ila kwamba hakulilamba, hapo nimemstahi tu. Alililamba. Mara moja, haraka haraka, akidhani hakuna aliyemwona. Na Bi Kanga alimwona, akageuza uso upande mwingine, akacheka.